Mzigo na Furushi: Upepo Ukiezua Nyumba, Uombe Fidia au Utengeneze Mwenyewe?



Kusini mwa Maniema tunaijua miezi yetu. Kiangazi kinashika kuanzia Juni mpaka Agosti, vumbi linatanda kwenye barabara za Kasongo na Kabambare, na mnamo Septemba mawingu yanarudi. Mvua za kwanza haziji kwa upole. Upepo unazitangulia, nao haumwulizi mtu kama nyumba yake imekwisha kukamilika. Pale Salamabila, mji uliokua haraka kuizunguka dhahabu ya Namoya, nyumba nyingi zilijengwa haraka pia: ukuta wa matofali mabichi au wa fito na udongo, mbao nyembamba, na manjanja ya bei nafuu juu yake. Upepo wa dakika kumi unatosha kuiacha familia ikitazama anga.

Kesho yake asubuhi swali la kwanza linasikika kila uani: nani atalipa? Ndani ya swali hilo kuna lingine ambalo watu hawalisemi kwa sauti: je, ni halali mimi kuomba? Wako wanaoomba hata kwa msumari mmoja uliong'oka. Wako wengine, na mara nyingi ndio wenye shida kubwa zaidi, wanaonyamaza kwa haya huku watoto wao wanalala kwenye maji. Makala haya yanataka kuwasaidia wote wawili wafanye uamuzi kwa hesabu, kwa ukweli na kwa moyo mweupe.

Maneno mawili ya Paulo

Katika Wagalatia sura ya 6, mtume Paulo anasema mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana. Katika mstari wa 2 anawaagiza waamini wabebeane mizigo. Mistari mitatu baadaye, katika mstari wa 5, anasema kila mtu atabeba cha kwake. Lakini Paulo hakujisahau. Katika Kigiriki alitumia maneno mawili tofauti. La kwanza ni *baros*, uzito unaomlemea mtu hadi akaanguka. La pili ni *phortion*, mzigo wa kawaida wa msafiri, ule ambao kila mmoja njiani anauchukua mwenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili iliyozoeleka imeitunza tofauti hiyo vizuri: pale juu inasema mizigo, pale chini inasema furushi.

Hii ndiyo kanuni yote ya jambo letu. Kuna hasara iliyo furushi, na kuna hasara iliyo mzigo. Anayewapa wengine furushi lake anawachosha bure. Anayejaribu kuubeba mzigo peke yake anavunjika mgongo, na nyumba yake inavunjika pamoja naye. Hekima ni kujua ni kipi kimetuangukia.

Watu wa bima nao wanaifuata kanuni hiyohiyo. Karibu kila mkataba wa bima ya nyumba una sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye nyumba anaibeba mwenyewe. Wasemaji wa Kifaransa huiita franshizi. Hasara ikiwa chini ya kiasi hicho, kampuni hailipi kitu. Ikizidi, inalipa kile kilichozidi. Kwa maneno mengine, furushi ni lako, mzigo ni wetu sote.

Bima iko wapi kwetu?

Tuseme ukweli: nyumba nyingi za Salamabila hazina bima ya kampuni. Kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa na kampuni moja tu ya bima, SONAS, ya serikali, iliyoundwa mwaka 1966. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na mamlaka ya kuyasimamia, ARCA, ikawekwa. Tangu mwaka 2019 makampuni binafsi yamepewa ruhusa ya kufanya kazi. Lakini ofisi zao ziko zaidi katika miji mikubwa, na nyumba ya udongo isiyo na hati ya kiwanja si rahisi kuandikiwa mkataba.

Hata hivyo baadhi yetu yanatuhusu moja kwa moja: parokia zenye jengo la kudumu, shule na vituo vya afya vya jumuiya zetu, wafanyabiashara wenye maghala, na ndugu waliojenga Kindu, Lubumbashi au ng'ambo. Kwao kuna tahadhari moja ya kwanza. Bima ya moto haimaanishi kwamba upepo umo. Katika mikataba mingi dhoruba ni kipengele cha pembeni ambacho kinaongezwa na kulipiwa. Pia mkataba wa kawaida hauchukui hasara za vita. Paa lililotobolewa na risasi na paa lililoinuliwa na upepo si jambo moja mbele ya kampuni. Uliza leo, kabla ya mawingu, na jibu uonyeshwe kwenye karatasi, si kwa mdomo wa wakala.

Kwa wengi wetu, bima ya kweli ni nyingine: mfuko wa mshikamano ndani ya AVEC. Mtindo wa vikundi hivi vya kuweka na kukopeshana ulianza Niger mwaka 1991, kati ya akina mama wa vijijini waliofanya kazi na shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika nzima. Kila juma mwanachama ananunua hisa zake, na pembeni anatoa kiasi kidogo kwa ajili ya mshikamano. Sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Fedha za mshikamano hazichanganyiki na fedha za mikopo. Hizo ni za ugonjwa, msiba, moto na upepo. Juu ya hayo, parokia ina sanduku la diakonia.

Kwa hiyo swali la kuomba fidia au kutoomba tunalo sisi pia. Tofauti ni kwamba sanduku letu tunaliona kwa macho, na wenye fedha zilizomo tunasali nao benchi moja.

Siku ya kwanza: kabla ya kuomba chochote

Uamuzi mzuri hutegemea kazi ya siku ya kwanza. Fanya haya kwa mpangilio.

Kwanza, watu. Usipande juu ya paa lililolowa wala ukuta uliotikisika. Ukuta wa matofali mabichi ukilowa kutoka juu huweza kuanguka saa kadhaa baada ya mvua kukatika. Watoto walale kwa jirani usiku huo. Kama kuna bamba la jua juu, litenganishe na betri kabla ya kugusa nyaya.

Pili, picha. Kabla ya kuokota bati hata moja, mtu mwenye simu apige picha: nyumba nzima kutoka mbali, kisha kila upande, kisha ndani, kisha vitu vilivyolowa. Asiye na simu amwite shemasi au mkubwa wa kartie aje aone na kuandika tarehe.

Tatu, zuia hasara isiongezeke. Funika kwa shitingi, ondoa magodoro na unga, chimba mfereji wa maji. Kampuni ya bima inaweza kukataa kulipia kile kilichoharibika kwa sababu mwenye nyumba alikaa tu akitazama, na komite ya AVEC nayo ina haki ya kuuliza hivyohivyo. Lakini usifanye matengenezo ya kudumu kabla mjumbe hajafika kuona.

Nne, tunza. Usiuze manjanja yaliyokunjika wala kuchoma mbao zilizovunjika. Ndizo ushahidi wako. Isitoshe, fundi mzuri anaweza kunyoosha nusu yake.

Tano, mwite fundi wawili tofauti, kila mmoja ahesabu peke yake: manjanja mangapi, mbao ngapi, misumari kilo ngapi, siku ngapi za kazi. Mahesabu mawili yakikaribiana, umepata bei. Yakiachana mbali, mwite wa tatu.

Aliyepanga nyumba ajue mpaka wake. Kwa kawaida paa ni la mwenye nyumba, na vyombo vilivyolowa ni vya mpangaji. Kila mmoja aombe kwa kile kilicho chake.

Kaa chini na kalamu

Sasa hesabu. Tuchukue mfano. Bei hizi si za soko lolote. Weka zako mahali pake.

AVEC ina wanachama 25. Kila mmoja anatoa franka 500 za mshikamano kila juma. Hiyo ni franka 12,500 kwa juma, na 650,000 kwa mwaka wa majuma 52, kama hakuna aliyekosa hata mara moja. Huo ndio uwezo wote wa kikundi. Hakuna mto wa fedha nyuma yake.

Mwaka huo upepo unang'oa mabati matatu matatu kwa wanachama sita. Kila mmoja ana hasara ya franka 60,000. Wote sita wanaomba, wote wanapewa: 360,000 zimekwenda. Baadaye upepo unaezua nyumba nzima ya mama mwenye watoto watano. Hasara yake ni 600,000. Sandukuni zimebaki 290,000 hata kama michango ya mwaka mzima ingekuwa imekwisha kutolewa. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya. Furushi sita zimeula mzigo mmoja.

Sasa kikundi hichohicho kiwe na kanuni mbili. Moja: kila mwanachama anabeba franka 80,000 za kwanza za hasara yake. Mbili: mfuko unalipa kilichozidi, lakini si zaidi ya 300,000 kwa nyumba moja. Wale sita wanajitengenezea wenyewe. Kama hawana fedha mkononi, wanakopa kwenye upande wa mikopo wa AVEC na kurudisha polepole. Yule mama anapata 300,000, na mfuko unaweza kumsaidia hata mwingine mmoja kama yeye mwaka huohuo. Kinachobaki kinajazwa na mikono: vijana wanakata miti, Mama Kanisa wanapika, fundi wa parokia anatoa siku mbili. Michango haikuongezeka hata franka moja. Kilichobadilika ni mpangilio tu.

Kwa hiyo kabla ya kuomba, jiulize maswali manne. Hasara ni kubwa kuliko kiasi ninachopaswa kubeba mwenyewe? Kilichozidi ni kikubwa kiasi cha kufaa safari, karatasi na muda wa watu? Nikitoa fedha hii mwenyewe, je, watoto watakosa chakula, dawa au shule? Na nikiichukua kwenye sanduku leo, nani atalikuta tupu kesho?

Hasara ikizidi kidogo tu, franka elfu chache juu ya mpaka, mara nyingi ni heri kuibeba. Mtu aliyeacha kuomba mara mbili kwa mambo madogo anasikilizwa bila mashaka siku ya mara ya tatu.

Usione haya pale penye mzigo

Lakini kanuni hiyo isigeuzwe kuwa fimbo ya kuwapigia maskini. Hasara ikiwa mzigo, omba, na omba mapema. Mikataba ya bima ina idadi ya siku za kutoa taarifa. Ukichelewa, unaweza kupoteza haki yako ingawa ulilipa kila mwaka. Andika barua, toa nakala mbili, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kwenye AVEC, mjulishe rais wa kikundi kabla ya kikao kinachofuata.

Fidia si sadaka. Aliyechangia kila juma hakuja kuombaomba. Amekuja kutimiziwa ahadi. Mwenye kunyamaza kwa haya anaweza kudhani anafuata unyenyekevu, kumbe watoto wake ndio wanaolipa, kwa kikohozi cha nyumba yenye unyevu. Katika Marko sura ya 2, watu wanne walifungua paa la nyumba ya Kapernaumu ili rafiki yao afike kwa Yesu. Hawakuona haya kumbeba mbele ya umati, wala yeye hakukataa kubebwa.

Je, yule asiye mwanachama? Mjane ambaye hana franka 500 za kila juma hana pa kuomba kwenye AVEC, na ndiye mwenye paa dhaifu kuliko wote. Hapo ndipo diakonia inapoanza. Katika Matendo sura ya 6, kazi ya kugawa kwa haki ilipangwa upya kwa sababu wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa. Parokia isingoje mjane aje ofisini. Siku ya pili baada ya dhoruba mashemasi wapite nyumba kwa nyumba, na katika miji kama Kasongo na Salamabila, ambako tunaishi mlango kwa mlango na ndugu Waislamu, wasiruke mlango wowote. Upepo haukuuliza dini.

Ukweli ndio mbao zinazoshika paa

Hakuna kinachoua mfuko haraka kama udanganyifu mdogo. Manjanja yaliyoliwa na kutu kwa miaka 15 hayakuharibiwa na upepo wa jana. Upepo uliyamaliza tu. Makampuni ya bima hutenganisha ajali na uchakavu, nao wana haki. Kama nusu ya paa ilikuwa inavuja kabla, sema hivyo. Komite inaweza kuamua kusaidia kwa upendo, lakini iamue ikijua.

Usiongeze hesabu ya mabati. Usimwombe fundi aandike fakture kubwa ili ile sehemu yako ya kwanza ifichwe ndani. Usipokee mara mbili kwa hasara moja, kutoka AVEC na kutoka diakonia, bila kuwaambia wote wawili. Kwa bima ya kampuni, tamko la uongo linaweza kufuta fidia yote, hata ile sehemu iliyokuwa ya kweli.

Nao wenye kutunza sanduku wana wajibu wao. Paulo alipobeba mchango wa makanisa, katika 2 Wakorintho sura ya 8, alikataa kuubeba peke yake, ili asilaumiwe na mtu. Watu wawili au watatu waende kuona nyumba, na asiwepo ndugu wa muombaji kati yao. Uamuzi uandikwe daftarini. Kiasi kilichotolewa kisomwe mbele ya wanachama. Mchungaji mwenyewe akiezuliwa nyumba, apimwe kwa kipimo kilekile.

Kwa parokia na taasisi zenye mkataba

Wanaosimamia majengo ya kanisa wajue pia kanuni ya uwiano, iliyo katika mikataba mingi ya mtindo wa Kifaransa na Kibelgiji. Jengo lenye thamani ya dola 20,000 likiandikwa dola 10,000 ili ada ipungue, hasara ya dola 4,000 inaweza kulipwa 2,000 tu, kisha franshizi ikaondolewa. Kamati ikipandisha ukuta au ikiongeza darasa, thamani iliyoandikwa ibadilishwe. Kuokoa kidogo kwenye ada kunaweza kugharimu nusu ya paa.

Kwa ndugu walio ng'ambo

Jamaa zetu wengi wamepata makao Marekani, na baadhi sasa wamenunua nyumba ambazo benki inalazimisha ziwe na bima. Wanatupigia simu kuuliza: mvua ya mawe imepiga paa, nidai fidia au nisidai? Hesabu ni ileile, ila kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, kwa upepo na mvua ya mawe, mikataba mingi kule ina sehemu ya mwenye nyumba inayohesabiwa kwa asilimia ya thamani ya bima, si ya hasara. Nyumba yenye bima ya dola 250,000 na asilimia 2 ina maana dola 5,000 ni zako. Matengenezo ya dola 4,200 hayatakuletea senti moja.

Pili, angalia kama mkataba unalipa bei ya paa jipya au thamani ya paa lilivyokuwa siku ile. Paa linalotegemewa kudumu miaka 20, likiwa na miaka 15, linaweza kuhesabiwa kuwa limebaki robo tu. Kazi ya dola 14,000 inakuwa dola 3,500 machoni pa kampuni, nazo ziko chini ya zile 5,000.

Tatu, dai huacha alama. Makampuni ya kule yana kumbukumbu ya pamoja ya madai, inayoweza kushika historia ya nyumba kwa muda wa hadi miaka 7. Madai madogo madogo yanaweza kupandisha ada au kufanya mkataba usirudiwe. Kwa hiyo mwite fundi unayemwamini apime kwanza, kisha ndipo ufungue dai. Na fundi anayegonga mlango baada ya dhoruba akiahidi kwamba sehemu yako ataifuta yeye, mkimbie. Katika majimbo kadhaa hilo ni kuvunja sheria, na mbele za Mungu ni fakture ya uongo.

Dhoruba haipigi nyumba moja

Kuna udhaifu mmoja wa mifuko yetu ambao inabidi tuutazame bila kujificha. Msiba hugonga nyumba moja, na nyumba 24 zinasaidia. Lakini upepo unaweza kugonga nyumba 15 za kikundi kimoja usiku mmoja, na wote wakawa waombaji, hakuna mtoaji. Vilevile kazi ikikatika, wote wanakosa cha kuchangia kwa pamoja. Salamabila inakumbuka mwaka 2019, kampuni ya Banro iliposimamisha shughuli za Namoya kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Dawa yake ni kuutawanya mzigo mbali. Makampuni ya bima nayo hukata bima kwa makampuni makubwa zaidi kwa sababu hiyohiyo. Sisi tunao mtandao ambao hawana: parokia. Upepo uliopiga Salamabila haukupiga Kindu usiku ule. Kama kila parokia ya wilaya, awe wa CEPAC, CELPA, Metodisti au Anglikana, ingeweka sadaka moja ya mwaka katika mfuko wa dhoruba wa pamoja, Kasongo ingeinua Kabambare mwaka huu na Kabambare ingeinua Kasongo mwaka kesho.

Hili si wazo geni katika makanisa ya Matengenezo. Katika miaka ya 1740, wachungaji wawili wa Kanisa la Presbiteri la Uskoti, Robert Wallace na Alexander Webster, walihuzunishwa na hali ya wajane wa wachungaji. Hawakuishia kwenye mahubiri. Walikusanya hesabu: wachungaji wangapi, wangapi wanafariki kila mwaka, wanaacha wajane na yatima wangapi. Mwanahisabati Colin Maclaurin akawasaidia kupima. Wakaunda mfuko ambao kila mchungaji alichangia kila mwaka, nao ukadumu. Upendo wao ulijua kuhesabu, ndiyo sababu haukuisha.

Paa lisilohitaji kuombewa fidia

Fidia nzuri kuliko zote ni ile isiyohitajika. Upepo hauangushi paa kwa kulisukuma. Unalinyanyua. Unaanza kwenye pembe, kwenye ncha na chini ya sehemu inayotokeza nje ya ukuta. Kwa hiyo ongeza misumari pembeni kuliko katikati, na ncha zisitokeze mno. Tumia misumari iliyosokotwa yenye kofia, maana ile laini huvutika nje, na ncha yake ipindwe chini ya mbao. Funga kila mti wa paa kwenye ukuta kwa waya mnene unaoshuka ndani ya matofali, si juu yake tu. Paa la pande nne hustahimili kuliko la pande mbili. Dhoruba ikianza, funga milango na madirisha ya upande unaotoka upepo, kwa sababu upepo ukiingia ndani unalisukuma paa kutoka chini.

Unaponunua, soma namba. Manjanja ya 32 ni membamba kuliko ya 28: namba ikipanda, bati linapungua unene. Na mawe juu ya paa hayazuii upepo mkubwa. Yanageuka kuwa hatari kwa waliolala chini.

Tufanye nini kabla ya Septemba?

Tunaomba kila parokia iweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao kimoja cha kiangazi hiki. Kila AVEC iandike kanuni zake tatu: mwanachama anabeba kiasi gani cha kwanza, mfuko unalipa mpaka kiasi gani, na taarifa itolewe ndani ya siku ngapi. Komite ya majengo isome mkataba wa bima neno kwa neno. Mashemasi waandike orodha ya wajane, wazee na wagonjwa ambao paa zao zimechoka, na vijana wazipigilie misumari sasa, wakati mbao ni kavu.

Siku upepo utakapokuja, kila mtu ajue mpaka uko wapi. Furushi, tulibebe kimya bila kunung'unika. Mzigo, tuuseme wazi, tubebwe, na mwaka mwingine tubebe wengine.

Bwana azilinde nyumba zenu, na aliyelala pembeni yenu asilowe.